Dunia Isiyo na Nchi Kavu: Namna Wataalamu Wanavyoitafuta Mvua

  

Leo sitazungumzia palizi wala viwavijeshi. Nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo mtu akilisikia mara ya kwanza ataliona la mchezo. Wako wataalamu wa hali ya hewa ambao, wakitaka kuchunguza mambo ya mvua, huanza kwa kuifuta nchi kavu yote. Wanaondoa Afrika, wanaondoa Ulaya na Asia, wanabakiza dunia ya maji matupu, halafu wanakaa kutazama mvua itanyesha wapi. Nimelileta kwenu kwa sababu ya swali nililoulizwa na mama mmoja wa Mufindi, swali ambalo siku ile sikuweza kulijibu.

Mama huyo ana ekari 3 mteremkoni. Alitaka kuacha mahindi kwenye ekari 2 na kupanda parachichi aina ya Hass, kama walivyofanya majirani zake. Akaniambia: "Bwana shamba, mahindi yakinitupa mwaka huu, mwakani napanda mengine. Lakini mparachichi ninaoupanda leo ni wa wajukuu. Hebu niambie mwanangu, hao wajukuu watakuwa na mvua?"

Mkobani nilikuwa na karatasi mbili za semina, zote za wataalamu. Moja ilionyesha kwamba kufikia katikati ya karne hii mvua za huku kwetu zitaongezeka. Ya pili ilionyesha zitapungua. Nikaona heri nizirudishe mkobani. Nikamwambia, "Mama, nipe muda."

Msidhani zile karatasi zilikuwa na makosa ya uchapaji. Katika miaka ya 2010 ulifanyika utafiti mkubwa ulioitwa UMFULA, uliohusu Malawi na bonde la mto Rufiji, yaani hata maji yetu ya Ruaha Mkuu yanayotoka Usangu. Watafiti walikusanya majibu ya modeli nyingi za kompyuta kutoka nchi mbalimbali. Juu ya joto modeli zote zilikubaliana: litaongezeka. Juu ya mvua hazikukubaliana, nyingine zilisema itazidi na nyingine zilisema itapungua. Sasa basi, mkulima ana haki ya kuuliza: hawa wote ni wasomi, wanatumia fizikia ileile moja, wanagombana nini?

Kwanza tuelewane modeli ni kitu gani. Ni hesabu nyingi mno zilizoandikwa ndani ya kompyuta. Dunia inagawanywa katika visanduku, kama mtu anavyogawa bustani katika matuta, na visanduku vingine vinapangwa juu yake kwenda angani. Katika kila kisanduku kompyuta inahesabu joto, upepo na unyevu. Halafu inasogea mbele dakika chache, inahesabu tena, inasogea tena, mpaka siku zinakuwa miezi na miezi inakuwa miaka.

Modeli nyingi zinazotumika kutazama miaka ya mbele zina visanduku vyenye upana wa kilomita 100 hivi. Chukua kimoja ukiweke juu ya Uyole. Ndani yake itaingia Tukuyu, inayopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Itaingia pia Igurusi, pembeni mwa bonde la Usangu, ambako mvua ni kama milimita 700. Ninyi mnaopanda basi la kutoka Tukuyu mmevaa makoti na kushuka Igurusi mnafuta jasho mnaijua tofauti hiyo. Kwa modeli, hapo ni mahali pamoja. Mlima Rungwe wenye mita karibu 2,960 unasawazishwa kama madongoa yaliyopitiwa na haro.

Kwa hiyo mtu wa kwanza kushukiwa ni mlima. Mtu atasema: modeli haziioni milima yetu, hazilioni Ziwa Nyasa vizuri, ndiyo maana zinababaika. Hata mimi nilidhani hivyo, na kwa sehemu ni kweli. Lakini yuko mshukiwa wa pili, naye ni wingu lenyewe. Wingu la radi, lile linaloinuka mchana juu ya Poroto na kumwaga mvua jioni, lina upana wa kilomita chache tu. Katika kisanduku cha kilomita 100 linapotea kabisa. Kwa kuwa modeli haiwezi kuliona, wataalamu huiandikia kanuni ya kukadiria: hewa ikiwa na joto kiasi hiki na unyevu kiasi hiki, basi mawingu yatapanda kiasi fulani na mvua itashuka kiasi fulani. Ni kama mimi kukadiria mavuno ya kijiji kizima nikiwa nimesimama barabarani. Naweza kupatia. Lakini bwana shamba mwingine akisimama palepale na kukadiria kwa njia yake, hatutapata magunia sawa. Na kila kituo kikubwa cha hali ya hewa duniani kina kanuni yake ya mawingu.

Washukiwa ni wawili, mlima na wingu. Utajuaje ni nani mkosaji?

Hapa ndugu wakulima ninyi mnaweza kuwafundisha wataalamu, kwa sababu jambo hili mnalifanya. Ukitaka kujua kama mbolea ya Minjingu inakufaa kuliko DAP, huweki moja bondeni na nyingine kilimani. Huweki moja kwenye mbegu ya kienyeji na nyingine kwenye mbegu ya chotara. Unachagua sehemu tambarare, udongo wa namna moja, mbegu moja, siku moja ya kupanda, nafasi zilezile. Unaondoa kila kitu kinachoweza kukuchanganya, unabakiza kile kimoja unachokipima. Ploti ya namna hiyo haifanani na shamba lako halisi, na wala haikusudiwi kufanana. Kazi yake ni kukuonyesha mbolea imefanya nini.

Sayari ya maji ni ploti ya namna hiyo. Wataalamu wanasema: tuondoe milima, tuondoe maziwa, misitu na mchanga wa jangwa. Tuzipe modeli zote bahari moja iliyo sawa. Zikikubaliana, basi ugomvi wao unaletwa na nchi kavu. Zikiendelea kugombana hata juu ya maji matupu, basi mlima hauna kesi.

Wazo hili si la jana. Syukuro Manabe, Mjapani aliyefanya kazi Marekani na aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2021, alichapisha pamoja na wenzake mwaka 1965 modeli ambayo uso wa dunia yake ulikuwa umelowa kila mahali, bila bara wala mlima. Mwaka 1986 Wajapani wawili, Hayashi na Sumi, waliendesha sayari ya maji kamili, nao wakaona kitu cha ajabu: mafungu makubwa ya mawingu yalikuwa yanasafiri kando ya ikweta kuelekea mashariki, yakiizunguka dunia nzima kwa siku 30 hadi 40. Mwendo unaofanana na huo ulikuwa umekwisha elezwa mwaka 1971 na Wamarekani Madden na Julian kutokana na vipimo vya kweli. Nawatajia kwa sababu mafungu hayo yanapopita Bahari ya Hindi huweza kuongeza mvua zetu za Afrika Mashariki au kuzikata katikati ya msimu. Yale majuma mawili ya jua kali mwezi wa Januari, mahindi yakiwa magotini, mara nyingine yana asili ya mbali kiasi hicho. Na Hayashi na Sumi walionyesha kwamba mwendo wa namna hiyo unaweza kuzuka hata kama duniani hakuna kipande cha ardhi.

Utaratibu ambao vituo vingi vilikuja kuufuata uliandikwa mwaka 2000 na Richard Neale na Brian Hoskins wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza. Nitaueleza taratibu, maana humo ndimo utakapoona kwamba hawa watu hawachezi.

Kwanza ni kuondoa ardhi. Ndani ya modeli kila kisanduku cha chini kina alama ya kusema hapa ni nchi kavu au hapa ni maji, tena kina urefu wa mlima, aina ya udongo na majani yake. Vyote hivyo vinafutwa. Loleza inazama, Kitulo na maua yake inazama, Himalaya inazama. Barafu ya bahari nayo haipo hata kwenye ncha za dunia.

Pili ni joto la bahari. Hili halihesabiwi na kompyuta, linapangwa na mtu na halibadiliki. Katika mpango wa msingi maji ya ikweta yanapewa nyuzi 27 za Sentigredi, halafu joto linashuka kidogo kidogo ukienda kaskazini au kusini, mpaka linafika sifuri kwenye latitudo 60. Kutoka hapo hadi kwenye ncha linabaki sifuri. Wataalamu wameandaa na mipango mingine ya kando, kama sisi tunavyokuwa na ploti za viwango mbalimbali vya mbolea. Mmoja una kilele chembamba, joto linaanza kushuka mara tu uachapo ikweta. Mwingine ni bapa, joto la tropiki linakaribia kuwa sawa kwa eneo pana. Mwingine unahamisha maji yenye joto zaidi nyuzi 5 za latitudo kaskazini, waone kama mvua nayo itahama.

Tatu ni jua. Linasimamishwa juu ya ikweta kama lilivyo mwezi wa Machi au Septemba, na halihami tena. Usiku na mchana vipo, lakini hakuna kiangazi wala masika. Kwa mkulima hii ndiyo ajabu kubwa kuliko zote, maana sisi mvua zetu zinaletwa na safari ya jua. Ukanda mvua, ule mkanda wa mawingu unaozunguka dunia karibu na ikweta, hulifuata jua likija kusini, na ndiyo sababu Mbeya na Iringa hupata mvua kuanzia Novemba hadi Aprili kisha tunabaki na vumbi. Kwenye sayari ya maji ukanda huo umefungwa kamba. Wanafanya hivyo kusudi wautazame ukiwa umetulia.

Nne ni hewa. Gesi ya kaboni inapangwa iwe sehemu 348 katika kila sehemu milioni kwa modeli zote, na gesi ya ozoni inapangwa iwe sawasawa kaskazini na kusini.

Kisha modeli inawashwa. Miezi 6 ya kwanza inatupwa. Mkulima hatashangaa: shamba lililofyekwa karibuni bado lina rutuba ya msitu, mavuno yake ya mwaka wa kwanza hayakuambii udongo wenyewe ukoje. Modeli nayo inaanza na hewa iliyoazimwa mahali pengine, inahitaji muda wa kuisahau. Miaka 3 inayofuata ndiyo inayohesabiwa.

Na kuna ukaguzi mmoja ambao mimi niliupenda sana. Katika ule mpango wa msingi kaskazini na kusini vimepangwa sawa kabisa, kwa hiyo mwisho wa hesabu mvua ya upande mmoja lazima ilingane na ya upande wa pili, kama uso na kioo. Zisipolingana, ama modeli haijaendeshwa muda wa kutosha, ama kuna mtu amekosea kuandika. Ni kama pima maji ya fundi mwashi. Katika dunia halisi huwezi kuupata ukaguzi kama huo, kwa sababu kaskazini kuna mabara mengi na kusini kuna bahari nyingi.

Haya, majibu yalikuwaje?

Vituo zaidi ya kumi kutoka mabara mbalimbali viliendesha jaribio hili. Mambo mengine yalikwenda vizuri. Ukikipa bahari kilele chembamba cha joto, mvua inajikusanya juu ya ikweta. Ukiifanya bapa, katika modeli nyingi ukanda mvua unapasuka kuwa mikanda miwili, mmoja kaskazini ya ikweta na mmoja kusini. Lakini katika mpango ulio katikati modeli ziligawanyika. Bahari ileile, jua lilelile, hewa ileile, na hakuna kilima hata kimoja cha kusingizia. Nyingine zikaweka ukanda mmoja juu ya ikweta, nyingine zikaweka miwili.

Tafakari maana yake kwa mtu wa Mbeya, ambaye yuko latitudo 9 kusini. Ukanda ukiwa mmoja na umekaa ikweta, yeye yuko pembeni, anachungulia. Ukipasuka kuwa miwili, ule wa kusini unaweza kumkaribia mlangoni. Usije ukasema bwana shamba ametabiri. Sayari ya maji haitabiri mvua ya Mbeya wala ya popote. Nataka uone tu ukubwa wa tofauti.

Mwaka 2013 Bjorn Stevens wa Ujerumani na Sandrine Bony wa Ufaransa waliligusa donda kabisa. Walichukua modeli 4, wakaziweka kwenye sayari ya maji, halafu wakaongeza joto la bahari nyuzi 4 kila mahali sawasawa. Hilo ndilo swali la mabadiliko ya tabianchi lililovuliwa nguo zote likabaki mifupa. Modeli zilitoa majibu yaliyopishana vibaya: pale ambapo moja iliona mvua ikizidi, nyingine iliiona ikipungua. Basi mshukiwa akajulikana. Nasi huku milimani tulikuwa tumezoea kujilaumu kwamba nchi yetu ni ngumu kupimika! Nchi yetu ni ngumu kweli, lakini ugomvi ulianza kabla ya kufika kwetu. Umeanzia kwenye wingu, na namna kila modeli inavyolikadiria.

Jambo hili limewasukuma wataalamu kutengeneza visanduku vidogo zaidi, ili wingu lionekane badala ya kukadiriwa. Mwaka 2018 Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza na vyuo vilivyoshirikiana nayo walitangaza modeli ya Afrika nzima yenye visanduku vya kilomita 4.5. Kwa ukubwa huo Tukuyu na Igurusi ni mahali pawili, tena mbali. Modeli hiyo inaonyesha kwamba hali ya hewa ikizidi joto, mvua kubwa za ghafla zitaongezeka kuliko modeli za zamani zilivyosema, na pia vipindi vya ukavu ndani ya msimu vitazidi. Ni modeli moja, na hesabu zake ni ghali mno, haziwezi kurudiwa mara nyingi. Lakini mimi naipa uzito.

Nikarudi Mufindi. Nilimkuta mama anamenya viazi. Nikamweleza habari ya dunia ya maji, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Na huko, wanakaa samaki peke yao?" Nikamwambia hata samaki hawakuwekwa. Halafu nikampa jibu lake. Joto litazidi, hilo modeli zote zinasema, kwa hiyo miti itahitaji maji mengi kuliko ya leo. Jumla ya mvua ya mwaka hakuna anayeweza kumwapia, na mtu atakayemletea karatasi moja ya modeli moja na kumwambia mvua ya mwaka 2050 ni milimita kadhaa, amsikilize kwa adabu lakini asikate mahindi yote kwa ajili yake.

Tukapanga shamba litakaloweza kuvumilia njia zote mbili. Miti kwenye mteremko na si bondeni, maana mizizi ya parachichi huoza haraka ikisimama ndani ya maji, na mvua kubwa za ghafla zitalijaza bonde. Makingamaji kwa kufuata kontua, ili mvua hiyo hiyo kubwa isikimbie na udongo. Matandazo mazito chini ya kila mti na samadi ndani ya shimo, kwa ajili ya vile vipindi vya ukavu. Badala ya ekari 2 alianza na ekari 1, ile iliyo karibu na chemchemi. Mahindi yakabaki kwenye mbili. Alinung'unika kidogo, kwa sababu jirani yake amepanda zote.

Jambo la mwisho. Wataalamu wakishamaliza majaribio ya maji hurudisha nchi kavu, na hapo hulinganisha mvua ya modeli na mvua iliyopimwa ardhini. Vituo vya kupima mvua huku kwetu ni vichache kulingana na wingi wa vilima. Kipimo unaweza kukitengeneza mwenyewe. Tafuta kopo lililonyooka, lenye mdomo na kitako vya upana mmoja. Lifunge kwenye nguzo mahali palipo wazi, mbali na mti au nyumba angalau mara mbili ya urefu wa kitu hicho. Kila siku saa 3 asubuhi ingiza rula ya mtoto wa shule, soma kina cha maji kwa milimita, andika kwenye daftari pamoja na tarehe, kisha mwaga. Siku isiyonyesha andika sifuri. Usiache mstari wazi, maana mimi nikija kusoma sitajua kama mvua haikunyesha au wewe ulikwenda msibani.